Sababu Waliyomnyima Akiru

Nakumbuka vizuri ile asubuhi, mwanangu, niliposikia nimechukuliwa chuo cha uuguzi. Nyumba yetu ya Chechelesi ilijaa vigelegele, lakini mimi sikufurahi. Akiru, rafiki yangu wa Ngaremara, niliyekaa naye dawati moja na aliyenishinda kila mtihani, alikuwa ameachwa. Tulipoenda chuoni kuuliza, karani alitujibu akiwa dirishani: "Kamati imeamua. Mambo ya kamati hayatoki nje."

Hapo hofu ikaniingia. Kama yeye aliachwa bila sababu, mimi nilichukuliwa kwa sababu gani? Labda nilipewa nafasi yake. Na nikiuliza, si watanipokonya?

Nyanya yangu, tuliyemwita Akko kama Waborana wanavyosema, aliona chakula hakinipiti. Nikamweleza.

"Sasa unaogopa nini?"

"Akko, wataninyang'anya."

"Kama ni yako, haitakufa kwa swali. Kama si yako, utaimeza vipi? Jitande, twende."

Tukaingia ofisini kwa mkuu wa chuo, mama mmoja wa makamo. Akko alitoa salamu, nami nikauliza: "Mwalimu, Akiru aliachwa kwa nini?"

"Tulisikia ameposwa," akasema mkuu. "Tumpe nafasi halafu aiache? Lisemwalo lipo."

Akko akamwuliza taratibu, "Na yeye mwenyewe, nani alimwuliza?"

Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Walipofuatilia, ilibainika aliyeposwa ni dada yake Akiru.

Mimi sikupokonywa. Akiru aliitwa, lakini masomo yalikuwa yameshaanza, ikabidi angoje mwaka mzima. Leo anazalisha akina mama kule Merti, na bado, akikuta watu wakinong'ona, husimama mlangoni kwanza, akidhani ni yeye anayesemwa. Kovu hilo halijafutika, ingawa hakutenda kosa lolote.

Sasa wewe umewekwa kwenye kamati ya kuchagua wanafunzi, nami sikufichi, naogopa. Mlango ukifungwa, uvumi hugeuka ushahidi, na watu wema hutikisa vichwa kukubali. Siri za nyumbani kwa mtoto wa mtu zihifadhi. Lakini sababu ya kumkataa ni mali yake. Mwambie, tena mapema, akiwa bado anaweza kujibu. Na siku wenzako watakaposema "tulisikia", uliza, hata kama sauti inatetemeka. Kuuliza si ujinga, mwanangu.

Nenda, Mola akuondolee woga wa kusema na akuachie woga wa kudhulumu. Asilie mtoto wa mwenzio kwa neno ulilolinyamazia.