Punje Zilizoelea

Sikuwahi kukubali jambo la kemia kwa sababu mtu fulani amelisema, hata awe mtu wa kuheshimika. Nililifundisha somo hilo miaka mingi karibu na Mogogosiek, nikastaafu na msimamo huo huo. Kwa hiyo binti yangu aliporudi kutoka chuo kikuu, katikati ya miaka ya tisini, akaniambia kwamba atayasafisha maji ya kahawia yanayotoka katika kuosha mitambo ya kiwanda cha majani chai, nilimjibu neno moja: "Nionyeshe."

Hoja yake ilikuwa nzuri. Molibdeni na oksijeni, pamoja na fosforasi kidogo, hujikusanya kuwa vishada vya rangi ya manjano, na vishada hivyo huharakisha kazi ya haidrojeni peroksaidi ya kufifisha rangi ya chai. Kasoro yake ni kwamba huyeyuka. Ukivitia majini mara moja, vimekwenda na mto. Alitaka kuvishikiza kwenye polima, yaani punje za plastiki ndogo kama mbegu za wimbi, ili kichocheo kichujwe na kutumika tena. Vishada vina chaji hasi. Punje za kuvishika sharti ziwe na chaji chanya.

Chuoni punje hizo hazikuwepo, na msimamizi wake alikuwa amempa hadi Jumatatu: alete kichocheo kinachoshika, la sivyo meza yake ya maabara apewe mwanafunzi mwingine. Alipata mkebe mmoja tu wa punje kuukuu, katika gereji ya mjini Kericho inayotengeneza maji ya betri, ambako hutumika kuondoa chumvi majini. Zilikuwa aina mbili zilizochanganyika. Katika maji ya chumvi kali, zenye chaji chanya huelea na zenye chaji hasi huzama.

Jumamosi hiyo ndugu yangu mdogo, mkulima wa mahindi kutoka Sigor, alikuwa ametutembelea. Binti yangu akamwomba amtenganishie punje kwa maji ya chumvi, kisha yeye mwenyewe akaenda jikoni kuchemsha maji. Aliporudi alizikuta zimetengwa vizuri katika glasi. Akazisuuza, akazimiminia mchanganyiko wake wa manjano, tukangoja.

Alasiri ikapita. Maji yalibaki ya manjano, na punje zikabaki kama zilivyokuwa.

"Baba, hizi zimekufa," alisema, akaketi.

"Si hata gereji wanasema?" ndugu yangu akadakia. "Hiyo plastiki ikizeeka imekwisha, kama ng'ombe asiyezaa."

"Uliona, au ulisikia?"

"Mwalimu, wewe hata mvua ikinyesha unataka ushahidi!"

Nilichota punje chache nikazidondosha katika maji ya chumvi. Zote zikazama.

"Zilizoelea ziko wapi?" nikauliza.

"Zile makapi? Nimezitupa kwenye ndoo ya ng'ombe. Mbegu ikielea ni tupu ndani. Ukipanda hiyo utavuna majani tu."

Binti yangu aliruka. "Baba mdogo! Hizo ndizo nilizokuwa nataka!"

"Sasa si ungesema, mama? Mimi nimechagua mbegu kabla wewe hujazaliwa."

Alisema hivyo huku akikimbia. Tulimkuta zizini akivutana na ng'ombe wangu, ambaye alikwisha kutumbukiza pua ndani ya ndoo ya maji ya kuoshea vyombo. "Toka! Hii ni masomo ya mtoto!" alimfokea. Tuliyachuja maji hayo kwa kichujio cha chai, tukaondoa maganda ya viazi na majani ya sukuma wiki, tukazielesha punje tena na kuzisuuza. Safari hii, mchanganyiko wa manjano ulipomiminwa, rangi ilihama. Punje zikawa manjano, maji yakawa meupe.

Ndugu yangu alipiga mluzi. Mimi sikupiga. Kushika rangi si kushika kichocheo. Nikaagiza chai nzito isiyo na maziwa, katika glasi mbili, zote zikitiwa peroksaidi, moja tu ikitiwa punje. Yenye punje ilianza kufifia haraka. Ilipofika nusu ya kufifia, nilichuja sehemu yake katika glasi ya tatu isiyo na punje. Kama vishada vilikuwa vimetoroka majini, glasi hiyo ingeendelea kufifia kwa kasi ile ile. Haikuendelea. Ilipunguza mwendo ukawa sawa na wa glasi ya peroksaidi peke yake, huku iliyobaki na punje ikizidi kung'aa.

"Sasa umeamini?" ndugu yangu akauliza.

"Sasa nimeona," nikasema. Nikamwambia binti yangu abebe pia punje zilizozama, ili msimamizi alinganishe kwa macho yake mwenyewe.

Aliporudi nyumbani baadaye alinieleza kwamba jaribio lilirudiwa mbele ya msimamizi na meza ikabaki yake. Msimamizi aliuliza jambo moja tu: kwa nini kichocheo kina harufu ya sukuma wiki.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimweleza yote, Baba. Hata ng'ombe."

Jibu hilo lilinipendeza kuliko punje zenyewe.