Ndugu Wawili na Shamba la Bukirasazi

Niliondoka Muyinga kwa sababu nilichoka kuwasikia wazee wawili wenye akili zao wakijibizana kwa simu kama viziwi. Tangu turudi kutoka kambini Tanzania, baba amepanga chumba hapa mjini, akitaka sehemu yake ya shamba kwa kaka yake aliyebaki Bukirasazi. Baba akisema, "Nataka haki yangu," baba mkubwa hujibu, "Kwani mi ni mwizi?" Baba mkubwa akisema, "Kuja ulime," baba hukata simu: "Ananiita kibarua!" Nikasema nitakwenda mwenyewe nikaumalize upuuzi huo.

Saa moja asubuhi gari lilitoka stendi. Njia nzima nilipanga maneno ya kuwaaibisha wote wawili.

Gitega nilifika mchana, nikanywa chai ya haraka, nikakodi pikipiki.

Saa nane nilikuwa Bukirasazi. Baba mkubwa, ambaye Kiswahili alikiokota akiwa fundi mwashi Bujumbura, alinikumbatia, hakutaka kuniachia.

"Karibu, mwanangu. Bibi yako, ile siku ya mwisho..."

"Samahani, baba mkubwa," nikamkatiza, "nimekuja kwa ajili ya shamba. Pikipiki inaningoja."

Alinitazama. "Donc, kumbe na we pia, ni shamba tu?"

Akanipeleka nyuma ya migomba. Mstari wa minyaa, miti ya mpakani mirefu kunishinda, uliligawa shamba. Upande mmoja yalikuwa maharage yake. Wa pili ulikuwa umelimwa vizuri, lakini haukupandwa kitu, katika nchi ambayo watu hupanda mpaka ukingoni mwa barabara!

"Hii iko ya babako," alisema. "Kila mwaka mi nalima, nangoja mwenyewe apande. Nilimwambia kuja ulime. Alitaka nimwambie namna gani?"

Nusura nicheke. Matusi yote yale, kwa sababu ya neno "lima"!

Jioni nilifikia Mushasha, pale Gitega, kwa rafiki yangu mwalimu. Tuliwacheka wazee wetu mpaka chakula kikapoa.

Kesho yake, saa sita, nilikuwa Muyinga nikimweleza baba kwa majivuno: sehemu yake ipo, mpaka upo, na hakuna aliyemwita kibarua. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Na mama?" akauliza taratibu. "Kaka amesema alikufaje?"

Niliinama kufungua kamba za viatu.

"Hukumuuliza?"

"Alianza kunieleza, baba. Nilimkatiza."

Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Miezi yote hiyo alikuwa akitaja shamba kwa kuwa kumtaja mama yake, aliyezikwa bila yeye, kulimshinda. Alivaa koti, akaenda stendi bila kupiga simu.

Nilichojifunza si cha kujivunia. Ndugu wale walipishana maneno kwa sababu kila mmoja alikuwa na uchungu asioweza kuutamka. Mimi sikuwa na uchungu wowote. Nilikuwa na haraka tu, na dharau.