Maji Kabla ya Kabila

Siku tuliyofika Kalemie naikumbuka, mwanangu, kila unaponionyesha hizo hoteli za ufukwe wa Muanda kwenye simu yako. Chagua tu, ni raha yako. Lakini nisikilize kidogo, ingawa mama yako akianza hamalizi.

Kolwezi, kwetu, ilikuwa imechafuka. Kazi za mgodi zilikuwa zinakufa, na sisi wenye asili ya Kasai tukafukuzwa pale pale tulipozaliwa. Stesheni ilijaa watu na magodoro yao. Nilikuwa na mimba yako. Tata yako, baba yako huyo mtu wa kaskazini, akasema twende Kalemie, ziwani, ambako wakubwa wa kazini walikwenda likizo na hakuna aliyetujua.

Mama yake alinishika mkono pale stesheni, akituaga. "Mutoto yangu, usiangalie baranda ya nyumba kuwa muzuri. Omba mayi ya kunywa. Bakikuuliza kabila mbele ya kukupa mayi, beba bitu, pita."

Kando ya ziwa tukaiona hoteli nyeupe, madirisha yote yanatazama maji. Tata yako macho yalimtoka kwa tamaa! Nami miguu imevimba, nataka kitanda tu. Nikaomba maji. Yule wa mapokezi akanikazia macho: "Mama ni mutu wa wapi?"

Nikabeba kapu langu. Tata yako alinuna njia nzima, we!

Nyuma ya soko, mke wa dereva wa lori, mama wa Kiislamu, alikuwa na chumba cha kupangisha. Kilinuka dagaa, na ziwa huoni. Lakini alileta kikombe cha maji, akanisogezea kiti. "Kunywa kwanza, mama. Pumuzika, kisha tutasemezana."

Kesho yake asubuhi wakaja vijana na fimbo. Walikuwa wametoka kupekua pale hotelini, wakitafuta Wakasai. Yule mama akasimama mlangoni na mwiko mkononi, mimi nyuma yake, bukari, ule ugali wetu, inaungua jikoni.

"Humu mi niko na mutoto wangu. Mukimutaka, anzeni na mi."

Wakaondoka. Mle chumbani ndimo ulimozaliwa. Hata leo nikimkumbuka nalia kwa shukrani, Mungu amlaze pema.

Basi, mwanangu, tazama mawimbi yako, sikukatazi. Ila mlangoni omba maji kwanza, uone unavyopewa. Na siku utakapokuwa mwenye nyumba, usimuulize mtu kabila lake akiwa bado na mzigo kichwani. Mungu akutangulie barabarani, akukutanishe na watu wenye utu, akurudishe kwangu mzima.