Tulivyomwalika mteule wa juu aje kufungua mkutano wa kumpunguzia madaraka

Wakuu, heshima zenu. Hii haina chai, nilikuwepo mwanzo mwisho.

Mimi nanunua ndizi na mboga Uluguru, nauza mjini. Kijiji kimoja juu ya Mlali kilikaa mkutano mkuu, kikakataza kulima kwenye chanzo cha maji. Wiki mbili tu, ikashuka amri kutoka juu: tajiri mmoja aendelee kulima.

Mfereji ukakauka. Mboga zikakauka. Na mimi nikakauka.

Tukaunda kamati, mwenyekiti Mwalimu Kobelo, mstaafu wa Mafiga. Hoja: halmashauri zianzishe pendekezo la kubadili Katiba, ili mteule wa serikali kuu asifute uamuzi wa mkutano wa kijiji. Wananchi wasaini, madiwani wapokee, wilaya nyingine zifuate. Process ndefu, ila ya amani.

Saini zikafika 318. Nikarudia kuhesabu: 317. Kuna mzee kasaini mara mbili kwa hasira.

Ikabaki mkutano wa kumkabidhi diwani. Hapo ndipo akili zilipotutoka.

Swali la kwanza kwenye kikao: mgeni rasmi nani?

Nikasema diwani anatosha. Mwalimu akanionea huruma: "Diwani si wa hapahapa, Mangi? Mkutano utakosa hadhi."

Kura saba kwa moja, aalikwe mteule. Yuleyule wa ile amri. (Cheo sitaji, nina watoto.)

Akaja. Ngoma, skafu, simama, kaa. Mwalimu akamsomea risala: "Mheshimiwa, kwa unyenyekevu mkubwa, tunaomba upunguziwe madaraka."

Jamaa akapiga makofi. Nadhani alisikia "mheshimiwa" tu, kwingine alikuwa kwenye simu.

Zamu yake ikafika. "Nawapongeza kwa uzalendo. Naelekeza fomu zote zije ofisini kwangu zihakikiwe."

Watu wakashangilia! Msaidizi wake akanyoosha mkono, na Mwalimu, wakuu, akaanza kutoa faili.

Bibi Mwajuma, ambaye bustani yake ilikuwa inakunywa mfereji ule, akanyanyuka. "Mwanangu, dole gumba langu linakwenda wapi? Mie nimempa diwani."

"Bibi kaa, kuna itifaki," Mwalimu akamnong'oneza, mic ikiwa wazi.

Nikaona fomu zinaondoka hivihivi. Nikasimama. "Mheshimiwa, zikipungua kesho watasema ofisi yako imezificha. Tuhesabu mbele yako, jina kwa jina."

Angekataa vipi?

Nikaanza kusoma. Kila anayetajwa anasimama, anajionyesha, anakaa. Taratibu. Kufika la tisini, dereva kawasha gari. Nilipomaliza nikasema, kwa usalama wa ofisi yako mheshimiwa, turudie.

Akatazama saa. Alikuwa na choo cha shule cha kuzindua. "Basi, mtaniletea Jumatatu."

Jumatatu zilikwenda kwa diwani. Bibi Mwajuma alizibeba mwenyewe, kazifunga kwenye kanga, hakumpa mtu hata azishike. Zimegongwa muhuri, tunasubiri baraza la madiwani. Mfereji bado mkavu, nisiwadanganye.

Nilichojifunza: madaraka mengine ya hawa watu hayamo kwenye Katiba. Tunawapelekea wenyewe, na kadi ya mwaliko juu.

Sasa nyie mliko huko, kuna aliyewahi kufungua mkutano bila mgeni rasmi? Mlianzaje, na nani alizimia? Shusheni uzoefu, nasoma comments zote. Mara mbili.