Amina za Katekista Telesfori

Telesfori alifundisha dini Kakese tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alizaliwa Karema, kando ya ziwa, akaja huku kwa baiskeli na mke wake Monika. Mtoto asiyejua sala alikwenda naye shambani, wakaisema pamoja huku wanapalilia, mpaka mdomo ukaizoea. Siku hizi watoto wanasomewa sala kwenye simu, na simu ikizimika hawana hata Salamu Maria moja kamili.

Monika alifia Karema, alikokwenda kumwuguza dada yake, akazikwa hukohuko. Tangu hapo Telesfori alikuwa na ombi moja, na aliniambia mimi kwa sababu nilikuwa mtani wake. Koo zetu mbili zilitaniana tangu enzi za babu zetu.

"Nikizidiwa, Ezekia, nirudishe Karema ningali hai. Sitaki kusafirishwa kama gunia la mahindi."

"Gunia la mahindi lina faida," nikamwambia. Akacheka mpaka akakohoa.

Kisha kiharusi kikampata. Bintiye Bernadetha akamchukua kwake Shanwe, akamweka chumba cha nyuma ya duka lake la vitenge. Mkono wa kulia ulikufa, na maneno yakaondoka. Hakuweza kuomba maji. Hakuweza kumwita bintiye kwa jina. Lakini mgeni akiingia na kusema "Tumsifu Yesu Kristu," alijibu bila kukwama: "Milele na milele, Amina." Ukianza Baba Yetu, aliimaliza kwa sauti ileile ya kusalisha kigangoni.

Daktari alimweleza Bernadetha mbele yangu. Sehemu ya ubongo inayotunga maneno imekosa damu, imekufa. Sala ambazo mtu amezisema maisha yake yote zinakaa kwingine, na hutoka zenyewe kama wimbo. Hata matusi, alisema, mara nyingi hubaki. Jambo hilo nilikuwa nimelisoma katika kitabu cha uuguzi nilichonunua mnadani, nusu yake imeliwa na mchwa. Bernadetha alisikiliza, akashukuru. Alipofika nyumbani akawaambia watu wa jumuiya yao ya Kikristo: "Mungu amemwondolea baba maneno ya dunia, amemwachia ya mbinguni."

Basi wakaanza kuja. Walipiga magoti mbele ya kiti chake, wakaeleza shida zao, naye akisema "Amina" waliondoka wakijua wamejibiwa. Goreth, mwenyekiti wa jumuiya, aliuliza kama amkubali mchumba wa binti yake. Amina. Arusi ikapangwa. Mimi nilikuwa nikimtazama macho. Yalihama kutoka uso mmoja hadi mwingine, kama ya mtu aliyefungiwa ndani na wenye nyumba wamesafiri.

Nikamwambia Bernadetha kwamba baba yake anataka kurudi Karema.

"Nilimwuliza mwenyewe, Mzee Ezekia. Nikasema, baba, utabaki na sisi? Akasema Amina."

"Mwulize kama anataka kwenda mwezini. Atasema Amina."

"Haya, na huko Karema nani atamgeuza kitandani? Wewe?"

Mgongo wangu mwenyewe haugeuki.

Zamani mtani aliingia kwa mgonjwa bila hodi. Alimtukana mpaka mgonjwa akasirike au acheke, na hakuna aliyethubutu kumtoa nje. Nikaona nijaribu hilo, kwa kuwa lingine sikuwa nalo. Nilikwenda siku ya jumuiya, nyumba imejaa wanawake na rozari.

"We mla samaki, mla migebuka!" nikamwambia tangu mlangoni. "Umeona uvivu mtamu, eh? Unalishwa kwa kijiko kama kitoto!"

Upande mmoja wa mdomo wake ukacheka.

"Basi tukuzike hapahapa Shanwe, nyuma ya duka. Monika alale peke yake."

"Mbwa wee!"

Tusi lilitoka safi kinywani mwa Telesfori. Nikamwuliza tena kama atabaki Shanwe.

"Mbwa! Mshenzi!" Machozi yalimtiririka, na mkono wake wa kushoto ukanikamata shati.

"Mmesikia?" nikawaambia. "Amekataa. Hiyo ndiyo hapana yake."

"Hiyo ni sauti ya shetani," akasema Goreth, "na umekuja nayo wewe."

"Ni utani, mama."

"Utani gani wa kumtukana mgonjwa?"

Nikawatazama mmoja mmoja, nikitafuta mwenye umri wa kukumbuka. Hakuwapo. Bernadetha akasimama kati yetu. "Mzee, naomba utoke. Baba hajatukana hata siku moja maishani mwake." Lakini alinitukana kila tulipokutana, na mimi nikamtukana yeye, na ilikuwa heshima. Labda Bernadetha alituona utotoni akadhani tunagombana.

Walivibandua vidole vyake kwenye shati langu kimoja kimoja, wakanitoa. Nilisimama nje, chini ya dirisha. Wakamzunguka, wakaanza Litania ya Watakatifu. Mwanzoni nilimsikia akipiga kelele, "Mbwa! Mbwa!" Wao wakaendelea, utuombee, utuombee, mpaka sauti yake ikaanza kuyumba, ikakosea, ikaingia katikati ya zao. Sala ikamchukua. Kama ni Mungu aliyemtuliza, au ni kile kichwa kilichofuata njia kiliyoizoea, sijui. Nimesoma vyote nilivyoweza kupata na sijaona ukurasa unaoniambia. Nilichojua ni kwamba alikuwa ananielewa, na kwamba sasa hakuweza kuacha kuitikia.

Litania ikaisha. Bernadetha akamwuliza kwa upole, kama binti anayempenda baba yake, na kweli anampenda:

"Baba, utabaki na sisi?"

Nilimsikia akivuta pumzi, akiguna, akihangaika na kitu mdomoni. Nikashika nondo za dirisha.

"Amina," akasema.

Wakapiga vigelegele.