Bata Aliyesemewa kwa Kunong'ona

Mwaka 2017 mwanangu alitimiza miaka minne bila kusema neno. Masikio yake yalikuwa mazima. Ukimwagiza kiatu, alileta kiatu. Wenzangu kwenye saluni niliyosukia nywele pale Yeoville, mtaa wa ugenini, kila mmoja alikuwa na dawa yake, na wa kanisani walikuwa na maombi. Mimi nilikuwa na hofu tu. Watoto wa majirani wakipiga kelele kwenye ngazi, roho iliniuma.

Mwalimu wake wa chekechea akaniambia Kiswahili changu ndicho kinachomchanganya, niongee naye Kiingereza peke yake. Kiingereza gani? Kile cha kuwaulizia wateja wanataka rasta ndefu au fupi? Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Nikawa namwambia njoo, kula, lala kwa Kiingereza, na mengine yote nayameza.

Aliyebaki na Kiswahili ni bata. Tulikuwa na diski ya katuni fupi za zamani, zile zilizokuwa zikitangulia picha kubwa kwenye sinema. Katika mojawapo, bata anayesema kama mtu amefungiwa nje kwenye theluji, anabisha na kubisha kwa dubu. Sauti hatukuifungulia kamwe. Chumba chetu cha kupanga, mtaa wa pili wa Berea, kiligawanywa kwa pazia, na upande wa pili alilala mchana mlinzi wa usiku, Mkongomani mwenzetu, mtu wa maneno machache. Basi bata nilimsemea mimi, kwa kunong'ona, kwa Kiswahili cha kwetu Bukavu.

Jumamosi moja nikaingiwa na woga kwamba hata huyo bata anamharibu mtoto. Alipofika mlangoni kwa dubu, nikanyamaza. Mwanangu akanigeukia, akanivuta kitenge. Sikumtazama. Bata aliendelea kubisha, mdomo ukifunguka bila sauti.

Ndipo nikasikia mnong'ono kama wangu.

"Fungula mulango, dubu. Niko na baridi."

Nilikaa kama nilivyokuwa. Niliogopa kwamba nikimshika, au nikilia, atanyamaza tena. Pazia likatikisika, na mlinzi, ambaye siku zote nilidhani amelala, akasema:

"Mumufungulie, mama. Hata miye niko namungojea."

Nikawa dubu. Nikamjibu mwanangu kwa Kiswahili, na sikunong'ona.