Kihenge cha Bibi na Kanuni ya Duara

Juzi, hapa Majengo, mjukuu wangu aliniwekea daftari mapajani. Amepewa mzingo wa duara, anatakiwa atafute nusu kipenyo. Nikatabasamu, rafiki yangu, maana pua ilishajaa harufu ya ulezi uliotoka kupurwa.

Mwaka wa kuhamia vijiji vya ujamaa, bibi yangu alikubali kuondoka kwa sharti moja: kihenge chake cha nafaka kihame naye. Kikiwa bado kimesimama alikizungushia kamba, akaikata sawa na mzingo wake. Kisha tukafumua mshono, tukaukunja ukuta wa fito za mianzi, tukaubeba katika upepo baridi wa Ufipa.

Huko tulikohamia ndiko shida ilikoanza. Fito kavu zingekubali kukunjuliwa mara moja tu, kwa hiyo kitako cha mawe kilipaswa kutangulia, tena kwa kipimo kamili. Bibi akailaza kamba chini, akaizungusha, likatoka yai. Akarudia, likatoka yai jingine. Jirani yetu, mama mwenye mdomo, akauliza kama tunajenga au tunataga. Bibi hakucheka. Alishasema ukuta ukivunjika anarudi mahame, kule tulikohama, hata kama atalala na fisi. Niliogopa sana, kwani ndiye aliyekuwa mama yangu na baba yangu.

Shuleni tulikuwa tukiimbishwa kwamba mzingo ni mbili mara pai mara nusu kipenyo. Kwenda tulijua, kurudi hatukujua. Nilipomweleza mwalimu habari ya bibi, akashika chaki.

"Unayemtafuta mwache peke yake upande mmoja," akasema. "Wengine wavushe. Waliokuwa wakizidisha, ng'ambo wanagawanya."

Kamba ilikuwa sentimita mia nne na arobaini. Nikagawanya kwa mbili, nikagawanya kwa pai, nikapata sabini. Nikachomeka kigingi, nikafunga kamba ya sabini, nikazunguka na kijiti, na mawe yakafuata alama yangu. Ukuta ulipokunjuliwa ulilialia, halafu ncha zake zikakutana. Bibi akapapasa pale zilipokutana.

"Haya," akasema taratibu. "Sasa nimehamia."

Jioni ile tulikula ugali wa ulezi kwa samaki, migebuka ya Kasanga, na jirani akaja kula nasi.

Siku hizi nafaka inakaa kwenye magunia. Bibi, mwalimu, hata yule jirani, wote wameshavuka. Mjukuu wangu alipopata jibu nilimrudishia daftari lake. Mwalimu alitufundisha kumwacha peke yake yule tunayemtafuta. Hakutuambia kwamba anayebaki peke yake naye huwatafuta waliovuka.